Ndege Ikianguka Milimani, Nani Aijua Njia?

Tarehe 28 Novemba, 2023, watu wa Mikumi waliona jambo ambalo hata wazee wao hawakupata kuliona. Katika kiwanja kidogo cha ndege cha Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa, ndege mbili za abiria zilipata ajali siku moja. Zote zilikuwa za aina moja, Embraer 120, yaani ndege ya injini mbili za panga yenye nafasi ya abiria wapatao 30. Moja ilipata ajali katika kutua, nyingine katika kupaa. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu hata mmoja.

Kwa kuwa hakufa mtu, habari ile ilikwisha upesi. Picha zilipita katika simu za watu kwa siku mbili tatu, watu wakashangaa, wengine wakafanya mzaha kwamba ndege za siku hizi nazo zina wivu, moja ikivunjika nyingine haikubali kubaki nzima. Kisha kila mtu akarudi katika kazi yake. Sisi twasema habari ile haikwisha, na twaomba wanachama wa Kilosa, Mikumi, Kidodi na Ulaya, na wenzao wa kila wilaya yenye milima, waisome tena pamoja nasi.

Msomaji asiyepata kufika kwetu na aichore ramani hii akilini mwake. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na kuongezwa mwaka 1975, imelala katika uwanda wa Mkata. Mashariki yake imesimama milima ya Uluguru. Kaskazini, juu ya mji wa Kilosa, ni Ukaguru. Magharibi ni Rubeho. Na ukishuka kusini kuelekea Kidatu unakutana na Udzungwa. Yote hii ina vilele vinavyopita mita 2,000. Kwa maneno mengine Mikumi ni sakafu ya chumba chenye kuta, na ndege itokayo Unguja ikileta wageni kutazama tembo na simba haina budi kupita juu ya ukuta mmoja, au kuuzunguka, kabla ya kuifikia sakafu.

Ndege zile mbili zilivunjika juu ya sakafu. Palikuwa na watu karibu, palikuwa na magari, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inapita katikati ya hifadhi. Sasa jiulize: kama hitilafu ingalitokea dakika kumi kabla ya kutua, katika mawingu, juu ya misitu ya Uluguru? Nani angalifika kwanza? Kwa njia ipi? Akiwa amebeba nini?

Hilo ndilo swali letu, wala si swali la kubuni. Nchi yetu na jirani zetu wamekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara limejibiwa kwa maiti.

Tarehe 18 Mei, 1955, ndege ya Shirika la East African Airways, Dakota aina ya DC-3, iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Haikufika. Ilitafutwa kwa siku kadhaa, ikakutwa imejigonga juu kabisa katika mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wamekufa. Miezi miwili tu nyuma yake Mwalimu Nyerere alikuwa amesimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa amekwenda huko kwa ndege, na wanachama wakiwa wamechanga fedha kwa ajili ya nauli yake. Siku zile Mwafrika kupanda ndege lilikuwa jambo la kusimuliwa kijiji kizima. Leo wanafunzi wetu, wagonjwa wetu, mahujaji wetu na wachezaji wetu wa mpira wanapanda ndege, lakini mlima ni ule ule.

Wengi wakisikia ndege imegonga mlima hudhani injini ilizimika. Mara nyingi sivyo. Mara nyingi ndege ilikuwa nzima, injini zinanguruma, rubani ana akili zake zote, ila hakuuona mlima mpaka ulipokuwa mbele ya pua yake. Mwalimu angeweza kulifundisha jambo hili darasa la sita kwa chaki tu. Upepo wa bahari unakuja umejaa maji. Unakutana na Uluguru, haupenyi, basi unapanda. Ukipanda unapoa, na maji yale yanakuwa wingu. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Uluguru una mvua nyingi na misitu mizito, na ndiyo maana mkulima wa Matombo anaweza kukaa katika ukungu saa ambayo mtu wa Mkata anaungua jua. Rubani wa ndege ndogo arukaye kwa kutazama kwa macho akiingia katika wingu lile, hana macho tena. Akishuka chini ya wingu anaingia bondeni, na bonde huanza pana, likawa jembamba, mpaka linafika mahali ambapo ndege haiwezi tena kugeuka. Na upande wa pili wa mlima, ambako mbingu ni nyeupe na mtu angedhani pana salama, upepo ule ule unashuka kwa nguvu na kuibana ndege chini.

Tarehe 15 Novemba, 2017, ndege ndogo ya abiria iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka Empakaai, katika nyanda za juu za Ngorongoro. Watu 11 walikufa. Tarehe 5 Juni, 2018, jirani zetu wa Kenya walipoteza ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10. Mabaki yake yalionekana siku ya tatu, tarehe 7, katika milima ya Aberdare, mahali palipo juu zaidi ya mita 3,500, baada ya mvua na ukungu kuwasumbua sana waliokuwa wakiisaka. Hakupona mtu. Na tarehe 10 Juni, 2024, huko Malawi, ndege ya jeshi iliyomchukua Makamu wa Rais, Dakta Saulos Chilima, ilipotelea katika msitu wa Chikangawa. Mabaki hayakuonekana mpaka kesho yake. Ikiwa Makamu wa Rais wa nchi analala usiku mzima msituni bila kuonekana, je, mwalimu wa shule ya msingi aliyekata tiketi yake kwenda kumzika mama yake?

Ndege za abiria hubeba chombo ambacho kikigongwa hutoa ishara kwa masafa ya 406 MHz, na mitambo iliyo juu angani huisikia na kusema mahali kilipo. Ni chombo chema, na hakuna ndege ya biashara inayostahili kuruka bila chombo hicho kikiwa kizima. Lakini moto hukiunguza, mgongano hukata waya wake, na korongo refu hukiziba. Tena hata kikisema kila kitu sawasawa, kitasema mahali tu. Hakiwezi kusema kwamba kijito kile hakivukiki mwezi wa nne, wala kwamba njia ya wapasua mbao hupita nyuma ya jabali na huokoa saa tatu za kutembea. Hayo anayajua mtu. Na mtu huyo ni nani?

Ni mrina asali. Ni mchoma mkaa, na mwindaji wa digidigi, na yule mganga apandaye kuchimba mizizi. Hao ndio waijuao milima ya Ukaguru na Rubeho kama sisi tuijuavyo njia ya kwenda sokoni. Na hapa tumefika mahali pagumu ambapo wakubwa wengi hawapendi pasemwe. Watu hao hao ndio tunaowakimbiza kila siku. Msitu ni wa hifadhi. Kuingia bila kibali ni kosa. Mkaa ni kosa. Mtego ni kosa. Hatusemi sheria hizo ni mbaya. Misitu ile ndiyo chemchemi ya mito yetu, na Kilosa yajua maana ya Mkondoa inapokasirika, maana mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuvunja njia ya reli. Twasema hivi tu: mtu aliye msituni kwa kosa, akisikia kishindo usiku na kuona moto juu ya mgongo wa mlima, ataanza kufikiri. Akienda kusema, ataulizwa kwanza, “Wewe ulikuwa unafanya nini huko?” Basi atanyamaza. Na pengine katika mabaki yale yumo mtu anayepumua.

Mtu asidhani tunatunga hadithi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, karibu miezi mitatu kabla ya Uhuru wetu, ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana Dag Hammarskjöld, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini na sasa ni Zambia. Walikuwamo watu 16. Mahali pale pako umbali wa maili chache tu kutoka kiwanja cha ndege, hapana hata mlima, lakini wakubwa wa serikali ya kikoloni walisema mabaki yalionekana alasiri ya siku ya pili, saa 15 baadaye. Mtu mmoja, askari wa ulinzi aliyeitwa Harold Julien, alikutwa hai, ameungua, amelala juani. Alikufa siku chache baadaye hospitalini.

Msitu ule ulikuwa na watu. Wachoma mkaa Waafrika walikuwa huko usiku huo na tanuru zao. Walisikia, waliona, na wengine wao walisema waliona mengi zaidi, kama vile mwanga angani na ndege nyingine. Tume ya Rhodesia haikuwapa uzito. Ilionekana kwamba neno la mchoma mkaa mweusi haliwezi kusimama mbele ya neno la ofisa. Ilipita zaidi ya nusu karne. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la kuupima upya ushahidi, na aliyewekwa kuliongoza alikuwa mwana wa nchi hii, Jaji Mohamed Chande Othman, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu wetu. Tangu mwaka 2017 aliendelea na uchunguzi huo kwa idhini ya Baraza Kuu la Umoja huo. Mashahidi wale walionekana wanastahili kusikilizwa, na Jaji akasema yawezekana kwamba ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Jambo lenyewe bado linabishaniwa na sisi hatuna haja ya kulihukumu hapa. Tunachokitazama ni zile saa 15, na Julien juani, na watu waliokuwa jirani yake ambao hakuna aliyewauliza mapema, na ambao wao wenyewe hawakuwa na sababu ya kumkimbilia polisi wa mkoloni.

Mkoloni aliondoka. Je, mchoma mkaa wa leo anaweza kuingia kituo cha polisi cha Mikumi saa nane za usiku akasema, “Nimeona ndege imeanguka,” naye asitiwe ndani? Twaomba jibu la maandishi. Twaomba Mkuu wa Wilaya ya Kilosa, pamoja na wakubwa wa hifadhi na wa misitu, watangaze hadharani, katika mikutano ya vijiji, kwamba mtu aletaye habari ya ajali hataulizwa alikuwa anafanya nini msituni. Tangazo hilo halina gharama hata ya lita moja ya mafuta.

Bukoba imekwisha kutufundisha upande wa pili wa jambo hili. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwa njia ya Mwanza, aina ya ATR 42, ilianguka katika Ziwa Viktoria, ikikaribia kutua. Ilikuwa na watu 43. Ishirini na nne walipona, 19 walikufa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao na makasia yao. Taifa zima lilitazama katika televisheni watu wakiivuta ndege kwa kamba. Rais aliamuru kijana mmoja mvuvi aliyejitoa mhanga siku ile aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na watu wakafurahi. Sisi pia tulifurahi. Lakini wako wavuvi wengi waliofika pale, na wengine wako Musoma na Kigoma na Mbamba Bay, nao hawajapewa hata kamba. Kumsifu mtu mmoja baada ya msiba ni jambo jema. Kuwapa wenziwe vifaa kabla ya msiba unaofuata ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili ndilo kazi ya serikali.

Wapo watakaosema, “Ndege ni mambo ya matajiri na Wazungu. Mtu wa Kilosa anapanda treni.” Ni kweli treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, inapita katika mahandaki ya milima yetu na kusimama Kilosa, nasi twajivunia. Lakini hoja hiyo ni finyu. Anayeiongoza ndege ile ni kijana wetu, anayewahudumia abiria ni binti yetu, anayewangoja kiwanjani na gari ni dereva mwenye watoto shuleni Mikumi. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akifa mikononi mwetu kwa kukosa machela, mwenyeji naye haponi. Tena ndege ikianguka haiulizi kijiji ni cha tajiri au cha maskini, na mama mzazi akipelekwa kwa ndege ya wagonjwa kutoka mahali pasipo barabara, kama Madaktari Warukao wa AMREF walivyofanya katika Afrika Mashariki tangu mwaka 1957, anapita juu ya milima ile ile.

Mwezi wa Juni, 2025, Tume ya Umoja wa Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyopewa vyeti katika Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga la nchi zake. Walitoa sababu: upungufu wa wataalamu, na usimamizi usiotosha wa uendeshaji na uzima wa ndege. Wengi walikasirika. Tulisikia maneno ya ubeberu na wivu wa biashara. Hatukatai kwamba wakubwa wa dunia wanajua kutumia sheria kama rungu. Lakini mtu aliyejitawala hangoji kukaguliwa na jirani ndipo afagie nyumba yake. Kama yale waliyoyasema ni uongo, na tuonyeshe vitabu vyetu. Kama ni kweli, aibu yetu si kwamba Ulaya imesema. Aibu ni kwamba tulikuwa tunajua na hatukusema. (Sisi wa Kilosa tunayo Ulaya yetu, njiani kwenda Mikumi, na watu wake wangeweza kuieleza Tume ile mengi kuhusu barabara wakati wa masika.)

Na vitabu tuanze na vya Kikoboga. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga, zilizotokana na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, wala si wa kutafuta mtu wa kumlaumu. Ni kanuni ya busara, maana rubani akijua atafungwa kwa kusema kweli, hatasema kweli. Basi ripoti ya ajali zile mbili na isomwe na watu, tena kwa Kiswahili, pale pale Mikumi, mbele ya madereva na wahudumu na wenye hoteli. Wananchi waambiwe urefu na hali ya kiwanja, na kama ndege zenye uzito ule zilistahili kutua hapo katika joto la Novemba, wakati hewa huwa nyepesi na ndege hutaka njia ndefu zaidi. Waambiwe pia kama lipo gari la kuzimia moto, na kama yupo mtu anayepima upepo na mawingu na kumwambia rubani kabla hajaondoka Unguja. Kituo cha kupima hali ya hewa si jengo la fahari. Ni kijana mmoja aliyefundishwa, vyombo vichache, na simu isiyokatika.

Mengine yamo mikononi mwetu. Wanachama wa matawi ya Kilosa hawahitaji kungoja bajeti. Kila tawi lililo chini ya mlima liandike, kabla ya mvua za masika, majina ya watu watano waijuao milima yao vizuri, pamoja na namba zao za simu na mahali ambapo simu hushika mtandao. Liandike njia zinazopitika na machela na zile zisizopitika. Litafute mganga wa zahanati atakayewafundisha vijana namna ya kumbeba mtu aliyevunjika mgongo, maana wengi hufa kwa kubebwa vibaya na watu wenye nia njema. Machela mbili za mianzi na turubai zaweza kutengenezwa katika jioni moja. Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, iombwe kuwapokea vijana hao kwa mafunzo ya siku mbili. Mgambo na askari wa wanyamapori wafanye zoezi pamoja mara moja kwa mwaka: mtu afichwe mlimani, na saa zihesabiwe mpaka aonekane.

Orodha ya majina ifungwe nakala tatu. Moja ikae kwa mtendaji wa kijiji, moja kituo cha polisi, na ya tatu ipelekwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya mjini Kilosa na kupokewa kwa sahihi. Matawi ya Vidunda na Rubeho yaanze, kwa kuwa ndiyo yaliyo mbali na barabara. Makatibu watuletee habari ya kazi hiyo, nasi tutachapa katika ukurasa huu majina ya matawi yaliyokwisha na ya yale ambayo bado.